Sport rimu kwa bei ya kawaida: kabla hujatoa hela, igeuze uisome mgongoni

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila wiki kuna mtu humu anauliza wapi atapata sport rimu za bei nafuu za IST, Vitz, Premio au Noah, na majibu huwa yale yale: nenda Gerezani, nenda Ilala, ongea nao vizuri. Pa kwenda panajulikana. Shida inaanza ukishafika pale, rimu zimepangwa ukutani zinametameta, kijana wa duka anakwambia "hii inakaa kwenye gari lako bila shida", na wewe mfukoni huna hata namba moja ya gari lako ya kumjibu.

Mimi nilinunua namna hiyo. Gari langu ni IST ile ya kwanza, injini 1NZ, ilikuja na rimu za chuma za inchi 15 na vifuniko vya plastiki. Nikachukua rimu mpya za inchi 17, nyeusi, mdomo umeng'arishwa, na tairi 205/45. Rimu na tairi zilinitoka milioni moja na laki mbili. Kwa macho, gari lilipendeza kweli.

Nilipolitoa barabara ya Bagamoyo na kufika spidi ya 80, usukani ukaanza kutetemeka. Nikarudi kupiga balansi. Ikatetemeka. Nikapiga tena, nikafanya alaimenti, nikabadilisha hata boli joint za chini ambazo zilikuwa nzima. Nimezunguka wiki tatu. Mwisho fundi mmoja mzee pale Mwananyamala akafungua gurudumu, akalirudisha kwenye habu, ile sehemu ya gari inayobeba gurudumu, bila kufunga nati, akachukua mkono wangu akaniambia, "Ingiza kidole hapo katikati." Kidole kidogo kikaingia kati ya habu na tundu la rimu.

Habu ya IST ina kipenyo cha milimita 54.1. Tundu la katikati la zile rimu lilikuwa 73.1. Watengenezaji wengi wa rimu za kuuzia magari ya aina nyingi hutoboa tundu kubwa makusudi ili rimu moja iingie kwenye magari mengi, kisha mwenye gari anatakiwa aweke ringi ya kujaza ile nafasi. Mimi sikupewa ringi wala sikuambiwa. Gurudumu lilikuwa limeshikwa na nati nne peke yake, na ukizikaza bila mpangilio, rimu inakaa upande kwa sehemu ya milimita. Kiasi hicho kinatosha kukutetemesha. Mashine ya balansi haiwezi kuliona, kwa sababu mashine inaishika rimu kwa koni yake yenyewe, iko sawasawa katikati. Ringi nne za 73.1 kwenda 54.1 zilimaliza tatizo siku ile ile, na ni kitu cha bei ndogo sana.

Miezi mitano baadaye, usiku, baada ya kupita Chalinze, nikaingia kwenye shimo. Siyo shimo kubwa. Tairi ya mbele kushoto ikaisha upepo pale pale. Asubuhi tulipoigeuza rimu tukaona ufa upande wa ndani, urefu wa njiti ya kiberiti, mwembamba kama unywele. Ikachomewa, ikavuja tena baada ya wiki mbili. Sikutaka kumuuzia mtu mwingine rimu iliyochomewa, kwa hiyo seti ile ipo stoo mpaka leo.

Nikanunua seti ya pili: za mtumba kutoka Japan, inchi 15, zile zilizotoka kiwandani na gari la Toyota, laki nne na nusu. Zinaingia kwenye habu bila ringi, zinakaza kama zilizaliwa pale. Nimetembea nazo miaka miwili na kitu, Dar, Morogoro na Iringa, na sijapiga balansi zaidi ya mara ninapobadilisha tairi. Huu ndio msimamo wangu na nitautetea: kwa mtu mwenye bajeti ya kawaida, rimu ya bei nafuu ni ile ya mtumba ya kiwandani yenye namba za gari lako, saizi ile ile au inchi moja juu. Ile mpya inayong'aa kwa bei ya kutupa, ihofu mpaka uigeuze.

Kwa nini uigeuze? Kwa sababu mbele ya rimu ni urembo. Habari zote ziko mgongoni, zimechorwa kwenye chuma chenyewe. Utakuta kitu kama 15x6J, maana yake kipenyo inchi 15 na upana inchi 6. Utakuta ET au IN na namba mbele yake, mfano ET45, hiyo ndiyo ofseti. Mara nyingi utakuta PCD, mfano 4x100. Nyingine zina alama ya JWL na VIA, zile za viwango vya Japan, na uzito wa juu inaoubeba.

PCD ndiyo ya kwanza, maana isipokubali hiyo hakuna mazungumzo. 4x100 ni nati nne zilizokaa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Vitz, IST, Passo, Demio na Honda Fit wako hapo. Premio na Allion ni 5x100. Noah, Voxy, Harrier na Mark X ni 5x114.3. Forester za zamani nazo ni 5x100, na hapa wengi huumia: rimu ya Premio ina tundu la 54.1, habu ya Subaru ni 56.1. Nati zinalingana, lakini rimu haiingii. Ukigeuza, rimu ya Subaru kwenye Premio inaingia lakini inacheza, ndio ule mtetemo wangu.

Ofseti ndiyo watu wanaiacha, na mimi naona ndiyo inayoharibu magari mengi ya vijana hapa mjini. Ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapogusa habu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Chukua IST yenye 6J ET45, uifunge 7J ET38. Upana umeongezeka inchi moja, nusu kila upande, yaani milimita 12.7. Ongeza tofauti ya ofseti, 7. Ukingo wa nje umesogea karibu milimita 20 kuelekea kwenye fenda, na wa ndani umesogea karibu 6 kuelekea kwenye shokapu. Ukiwa peke yako huoni kitu. Pakia watu wanne na mizigo, pita tuta, utasikia tairi inakwaruza plastiki. Na beringi za magurudumu zinabeba mzigo kwa pembe ambayo hazikuundiwa, zinaanza kuvuma kabla ya wakati wake.

Sasa tairi, kwa sababu ukibadilisha saizi ya rimu umebadilisha na tairi, na hapo ndipo bajeti inapopasuka. Hesabu ni nyepesi. 185/65R15, yaani upana milimita 185 kwenye rimu ya inchi 15: asilimia 65 ya 185 ni milimita 120, huo ndio urefu wa ubavu wa tairi. 195/55R16 inakupa 107. 205/45R17 inakupa 92. Kipenyo cha gurudumu zima kwa zote tatu kinakaribiana sana, 621.5, 621 na 616, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana. Ila umetoa milimita 28 za mpira na upepo kati ya rimu yako na shimo. Mimi shimo la Chalinze lilinikuta kwenye 92. Kwa 120, naamini ningesikia kishindo nikaendelea na safari.

Kwa Premio inayotumia 195/65R15, inchi moja juu ni 205/55R16, na hiyo ni saizi ambayo tairi zake zipo kila duka. Hilo nalo lifikirie: uliza bei ya tairi kabla ya kulipia rimu.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kwa ninayoyajua.

Kijana wa Sakina

Mkuu shukrani, uzi wa maana. Nati nne naweza kupima, nachukua rula kutoka tundu moja hadi lile linalotazamana nalo. Nati tano hakuna tundu linalotazamana. Huku Arusha rimu nyingi za mtumba zina vumbi na rangi mgongoni, namba hazisomeki. Nafanyaje?

Mleta uzi

Swali zuri sana kaka. Pima kati ya matundu mawili yaliyo jirani, katikati hadi katikati. Ukipata karibu milimita 59, hiyo ni 5x100. Ukipata 67, ni 5x114.3. Kipimo hiki kinaweza kukukosesha kwa rimu nyingi za Mercedes na Volkswagen, 5x112, ambazo zinakupa karibu 66. Tofauti ya milimita moja na kidogo, kwa macho huioni, na kwa nguvu ya spana zinaweza kuingia kwenye stadi za Toyota, zile boli za habu zinazofungwa nati. Zinaingia zikiwa zimezivuta stadi pembeni. Usikubali hata ukiambiwa "zinakaa". Kama huna uhakika na rula, njia rahisi kuliko zote ni kwenda na gari lenyewe, jeki na wilispana, uijaribu rimu kwenye habu kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa hilo, aga uondoke.

Na ile rangi mgongoni iangalie mara mbili. Rimu iliyotoka Japan ina mgongo mchafu, wenye vumbi jeusi la breki lililoganda. Hiyo ni dalili njema. Rimu kuukuu yenye mgongo uliopakwa rangi mpya kuna kitu kimefichwa, mara nyingi ni mshono wa kuchomea.

Mwenye Duka

Ndugu mleta uzi, mimi nauza rimu, mpya na mtumba, miaka tisa sasa. Umeandika vizuri ila umetuonea kidogo. Siyo kila mpya ni mbovu. Zipo mpya za bei ya kati zilizopimwa vizuri, na wateja wangu wanazitumia kwenye magari ya abiria mwaka wa nne huu. Na mtumba una siri zake. Nimepokea seti kutoka Japan ambazo mbili kati ya nne zimepinda, na kwa macho ni mpya kabisa. Kule nako watu wanapanda kingo za barabara. Mteja akija na wazo kwamba "mtumba wa Japan ndio salama", wauzaji wasio waaminifu wanamfurahia.

Mleta uzi

Mkuu, nakubali, na nashukuru umesema ukiwa upande wa duka. Neno nililopaswa kuongeza ni hili: rimu ya mtumba usiilipie kabla haijazungushwa kwenye mashine ya balansi bila tairi. Mwambie fundi aizungushe polepole, wewe weka ncha ya kalamu karibu na ukingo bila kuugusa. Ukingo ukisogea na kurudi, imepinda. Halafu uikague kwa ndani, pale ambapo ufa wangu ulikuwa, siyo upande wa nje. Ukiwa na shaka, tairi ikishafungwa na kujazwa upepo paka maji ya sabuni upande wa ndani, mapovu yatakuonyesha.

Kuhusu mpya, JWL ni kiwango cha Japan cha rimu za aloi za magari madogo, na VIA ni alama ya kwamba aina hiyo ya rimu imepimwa na kusajiliwa. Kampuni kama Enkei, RAYS na BBS ziko mbali na bajeti yetu zikiwa mpya, ila miundo yao inaigwa kila mahali, hasa ile TE37 ya RAYS yenye mikono sita. Umbo kuigwa halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba na hizo herufi za JWL mtu anaweza kuzichonga kwenye kalibu yake. Wewe ukiwa muuzaji, unazitofautishaje?

Mwenye Duka

Naangalia mambo matatu. Uzito wa kubeba uwe umeandikwa. Mgongo uwe msafi wa kazi, yaani hauna vitundu vidogo vidogo kama mkate, hiyo ni hewa iliyobaki wakati wa kumimina. Na boksi liwe na ringi za katikati na nati zake. Kiwanda kinachokupa ringi na nati kimefikiria gari litakalofungwa. Rimu inayokuja peke yake kwenye nailoni mimi siichukui tena, hata kwa mkopo.

Mama wa Noah

Naomba kuuliza, na mnisamehe kama swali ni dogo. Nina Noah, nabeba watoto wa shule asubuhi na mchana. Rimu zangu za chuma zimeliwa na kutu. Kuna seti ya 5x114.3 kutoka gari dogo, bei nzuri sana, tundu la katikati ni 60.1 kama langu. Nichukue?

Mleta uzi

Dada, swali lako siyo dogo hata kidogo, ni kubwa kuliko yote yaliyoulizwa hapa. PCD na tundu vimekubali, bado mzigo. Geuza rimu utafute namba yenye KG, mfano 475 au 600. Kisha angalia uzito wa juu wa gari lako likiwa limejaa. Rimu moja lazima iweze kubeba angalau nusu ya mzigo wa ekseli nzito zaidi, siyo robo ya gari lote, kwa sababu mzigo haukai sawa mbele na nyuma. Kama namba ya uzito haipo kabisa, na kazi yenyewe ni watoto, iache. Tafuta zilizotoka kwenye Noah au Voxy nyingine. Na tairi nazo zina namba ya mzigo ubavuni: 195/65R15 91 maana yake kila tairi inabeba kilo 615. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari.

Kutu nayo: kama ni ya juu juu, rimu za chuma zinasuguliwa na kupakwa rangi kwa hela ndogo. Chuma kikipinda kinanyooshwa. Kama bajeti imebana mwezi huu, paka rangi, nunua tairi nzuri nne, sport rimu zitakuja baadaye. Watoto kwanza.

Mama wa Noah

Asante sana kaka, nimekuelewa. Nitaenda kuigeuza kesho.

Mchanga wa Pwani

Niko Mombasa, naendesha Demio. Rimu zangu ni za kiwandani kabisa lakini zinapoteza upepo kidogo kidogo, kila wiki lazima nijaze. Pancha hakuna, ufa hakuna. Fundi asema ninunue zingine.

Mleta uzi

Ndugu yangu, usinunue kwanza. Chumvi ya pwani inaingia chini ya rangi pale mdomo wa tairi unapokalia rimu, aloi inaota unga mweupe, na tairi haishiki vizuri tena. Itolewe tairi, ule mstari usuguliwe kwa msasa laini au brashi ya waya mpaka unga uishe, upakwe dawa ya kuziba inayotumiwa na mafundi wa tairi, ubadilishe na valvu maana mpira wake nao unachoka. Mimi hapa Dar nimefanya hivyo kwa mbili kati ya zangu nne. Ukiziosha, osha na ndani, na usitumie ile asidi ya kuoshea vigae.

Kijana wa Sakina

Mkuu samahani narudi tena. Nati zangu za rimu za chuma nitazitumia kwenye sport rimu?

Mleta uzi

Inategemea kiti cha nati, yaani umbo la pale nati inapokalia kwenye rimu. Rimu nyingi mpya za dukani zinataka nati yenye koni. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Za Honda zina umbo la mviringo kama mpira. Ukifunga koni kwenye kiti bapa, inagusa ukingo tu wa tundu, inajifungua yenyewe njiani. Na uzi wa stadi nao ni tofauti (unene na nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita): Toyota, Honda na Mazda kwa kawaida ni 12x1.5, Nissan, Subaru na Suzuki ni 12x1.25. Nati sahihi inaingia kwa vidole mpaka mwisho. Ikigoma, usiilazimishe kwa bunduki ya upepo.

Nati za zamani usizitupe. Ziweke kwenye mfuko pamoja na spea, kwa sababu spea yako bado ni ya chuma. Mimi nazifunga kwa kitambaa chini ya jeki.

Kukaza: kwa mkono, kwa kuruka nyota, yaani ukitoka nati moja unakwenda ya upande wa pili, siyo kuzunguka duara. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 103. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama ukaze tena, rimu mpya hukaa vizuri baada ya kutembea.

Kijana wa Sakina

Nimepata seti hapa karibu na stendi. Nimepima 59 kati ya matundu, kwa hiyo 5x100, gari ni Allion. Mgongo mchafu, nimeona ET39 na 16x6.5J. Anataka laki tano na nusu. Nimepiga picha, nazituma.

Mleta uzi

Umepiga ya mbele kaka. Rudi, mwombe akuinamishie zote nne, upige kwa nyuma na taa ya simu ikimulika ukingo wa ndani. Na pima tundu la katikati, isije ikawa imetoka kwenye Subaru. Nipo hewani, nasubiri.